Vuta Kona Uone Shamba Linavyopungua



Vijijini kwetu watu wengi hupima ekari kwa hatua. Mpimaji anatembea hatua 70, anasimika kigingi. Anageuka, anatembea hatua 70 nyingine, anasimika kigingi cha pili. Akimaliza pande zote nne anasema, "Haya, ekari moja hiyo." Muuzaji ameridhika, mnunuzi ameridhika, fedha zinahesabiwa.

Je, shamba la pande nne, kila upande hatua 70, ni ekari moja siku zote?

Wengi watajibu ndiyo. Jibu la kweli ni hapana. Linaweza kuwa ekari. Linaweza kupungua kidogo. Linaweza hata kuwa nusu ekari tu, na kila upande ukawa hatua 70 kamili, bila mpimaji kuruka hata hatua moja.

Zamani jambo hili lilikuwa gumu kulieleza. Mwalimu alichora umbo ubaoni kwa chaki, na umbo likakaa pale pale. Akitaka kuonyesha umbo jingine, ilibidi afute na kuchora upya. Siku hizi kuna programu ya simu na kompyuta ambayo umbo lake halikai tuli. Unashika kona kwa kidole, unaivuta, na umbo zima linasogea mbele ya macho yako. Namba ya eneo nayo inabadilika hapo hapo. Tutaeleza programu hiyo inavyofanya kazi, na mfano wetu utakuwa shamba letu la hatua 70.

PROGRAMU YENYEWE

Programu ni maagizo yanayowekwa ndani ya simu au kompyuta ili ifanye kazi fulani. Ipo programu ya kupiga picha, ipo ya kujumlisha na kutoa, ipo ya kutuma fedha. Hii ya maumbo inaitwa GeoGebra. Aliyeianzisha ni Markus Hohenwarter, mwaka 2001, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Salzburg, nchi ya Austria. Jina limeungwa kutoka maneno mawili: jiometri, yaani elimu ya maumbo, na aljebra, yaani hesabu za kutumia herufi.

Hakuwa wa kwanza. Miaka ya 1980 wataalamu wa mji wa Grenoble, Ufaransa, walitengeneza programu ya namna hiyo, wakaiita Cabri. Mwaka 1991 ikatoka nyingine Marekani, jina lake Geometer's Sketchpad. Lakini GeoGebra imeenea sana kwa sababu mwalimu na mwanafunzi hawalipi kitu kuitumia. Ukishaipakua, inafanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Gharama yako ni bando la siku ya kuipakua, na chaji. Simu ya vitufe haiwezi kazi hii; inatakiwa simu ya kupangusa. Kama wewe huna, huenda mwanao anayo, au mwalimu wa shule ya kijiji.

Ukiifungua unaona kitu kama karatasi nyeupe. Pembeni au chini kuna vifaa, na kila kifaa kina picha yake ndogo. Kipo cha kuweka nukta. Kipo cha kuchora mstari. Kipo cha kuchora duara, kinafanya kazi ya bikari. Kipo cha kutafuta katikati ya nukta mbili. Kipo pia cha kushika na kuvuta, nacho picha yake ni mshale. Ni kama sanduku la fundi: unatoa msumeno wakati wa kukata, unaurudisha, unatoa nyundo.

Hapa wanaoanza husumbuka sana. Mtu anataka kuvuta nukta, kumbe bado ameshika kifaa cha kuweka nukta. Basi kila akigusa kioo inazaliwa nukta mpya, mpaka karatasi inajaa kama imemwagiwa mtama. Kabla ya kuvuta, gusa mshale kwanza. Na kama umeharibu, kuna alama ya mshale uliopinda kurudi nyuma. Uiguse, inafuta hatua yako ya mwisho. Iguse tena, inafuta ya kabla yake.

Kila nukta unayoweka inapewa jina na programu yenyewe: ya kwanza A, ya pili B, ya tatu C, na kuendelea. Msomaji wetu aliyejifunza herufi hizo kisomoni hatapata shida.

NUKTA HURU NA NUKTA TEGEMEZI

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, twende polepole.

Nukta uliyoiweka mahali patupu ni nukta huru. Unaweza kuivuta popote utakapo. GeoGebra huipaka rangi ya buluu.

Nukta ya pili ni iliyofungwa. Umechora duara, halafu ukaweka nukta juu ya mzunguko wa lile duara. Nukta hiyo unaweza kuivuta, lakini haiwezi kutoka kwenye duara. Mfikirie mbuzi aliyefungwa kigingini, naye amevuta kamba mpaka imekaza. Atazunguka, lakini umbali wake na kigingi haubadiliki.

Ya tatu ni nukta tegemezi. Mahali mistari miwili inapokatana, programu inaweka nukta, mara nyingi nyeusi au ya kijivu. Hiyo huwezi kuivuta hata ukiisukuma namna gani. Ni kama njia panda. Njia panda haihamishwi peke yake. Mpaka uhamishe njia yenyewe, ndipo nayo itahama.

Kwa hiyo katika programu hii vitu vina wazazi na watoto. Mstari ni mtoto wa nukta mbili. Makutano ni mtoto wa mistari miwili. Ukimsogeza mzazi, watoto wote wanafuata. Ukimfuta mzazi, watoto nao wanafutika. Mtu asiyejua hivyo hushangaa: amefuta nukta moja tu, na nusu ya mchoro imetoweka!

Sasa fanya jaribio. Weka nukta nne huru kwa kukadiria kwa macho, ziwe kama pembe za mraba. Ziunganishe. Utasema, "Mraba huu hapa." Vuta kona moja. Mraba umekwisha; umebaki na umbo la hovyo. Kwa nini? Kwa sababu hukuiambia programu kwamba pande ziwe sawa, wala kwamba kona ziwe za pembe mraba. Ulichora sura ya mraba bila kuweka sharti la mraba. Programu inashika masharti uliyoipa, na usiyoipa haiyajui. Mwashi anaelewa jambo hili. Msingi uliopangwa kwa macho na msingi uliopangwa kwa kamba vinaweza kufanana siku ya kwanza. Tofauti utaiona wakati wa kupaua.

TUJENGE SHAMBA LA HATUA 70

Karatasi ya programu ni ndogo, kwa hiyo tufanye kipimo 1 cha karatasi kiwe hatua 10 za shambani. Hatua 70 zitakuwa vipimo 7.

Kwanza, chukua kifaa cha kuchora kipande cha mstari chenye urefu maalumu. Gusa karatasi, andika 7. Umepata upande wa kwanza, kutoka A mpaka B.

Pili, chukua kifaa cha duara lenye nusu kipenyo maalumu. Gusa A, andika 7. Duara linazunguka A, na kila mahali juu yake ni umbali wa 7 kutoka A.

Tatu, weka nukta juu ya duara hilo, upande wa juu. Huyo ndiye mbuzi wetu. Programu inaweza kuiita herufi nyingine, lakini sisi tuiite D. Iunganishe na A. Upande huo nao ni 7, na utabaki 7 hata uvute vipi.

Nne, tumia kifaa cha mistari sambamba, yaani mistari inayokwenda pamoja bila kukutana, kama reli. Chora mstari unaopita D ukiwa sambamba na upande wa A na B. Chora mwingine unaopita B ukiwa sambamba na upande wa A na D. Mistari hiyo miwili inapokatana weka nukta ya makutano, uiite C. Hiyo ni njia panda yetu.

Tano, chukua kifaa cha umbo la pembe nyingi. Gusa A, B, C, D, kisha A tena ili kulifunga. Shamba limekamilika. Mwisho chukua kifaa cha eneo, gusa katikati ya shamba. Namba inatokea. Unaweza pia kupima kona ya A: chukua kifaa cha pembe, gusa B, halafu A, halafu D. Ukigusa kinyume chake utapewa pembe ya nje, namba kubwa kupita kiasi. Hapo hujaharibu kitu, badili tu mpangilio.

Sasa shika mshale, na uivute D taratibu.

Kona ya A ikiwa nyuzi 90, yaani pembe mraba, eneo ni 49. Kila 1 hapa ni hatua 100 za mraba, kwa hiyo shamba ni hatua za mraba 4,900. Hiyo ni ekari yetu ya hatua 70 kwa 70. Ilaze D mpaka nyuzi 80. Eneo linakuwa kama 48.25. Umepoteza hatua za mraba kama 75, kipande cha hatua 8 kwa 9 hivi. Mimi nisingegombana na jirani kwa hicho. Endelea mpaka nyuzi 60: eneo 42.4. Nyuzi 45: eneo 34.6 na kidogo. Hapo karibu theluthi ya shamba imekwenda. Fika nyuzi 30, na kidole kinene itabidi kihangaike kidogo kuipata hasa, eneo ni 24.5. Nusu kamili.

Kumbuka pande zote bado ni 7. Hakuna upande uliopungua. Ukizunguka shamba hilo kwa miguu utatembea hatua 280 zile zile.

Tuseme ekari iliuzwa shilingi 1,000,000. Aliyenunua shamba lililolala hivyo amelipa 500,000 bure. Na hasara haiishi siku ya kununua. Trekta atalilipia ekari moja kila mwaka. Kibarua wa palizi atataka malipo ya ekari moja. Mbolea atainunua ya ekari moja, aimwage kwenye nusu ekari. Kisha wakati wa mavuno watamwambia kwamba yeye hajui kulima.

KWA NINI ENEO LINAPUNGUA?

Kuona siyo sawa na kuelewa. Unaweza kuvuta D mara 1,000 na namba zikakubaliana kila mara, lakini hujapata sababu. Isitoshe, namba za programu hukatwa kwenye desimali chache, kwa hiyo zinazoonekana sawa huenda zinatofautiana kidogo sana. Sababu lazima itafutwe kwa akili.

Chukua karatasi ya kawaida. Kata umbo lililolala kama shamba letu, pande nne zilizo sawa. Kwenye kona moja ya juu shuka wima mpaka chini, ukate ile pembetatu inayopatikana. Ihamishie upande wa pili. Unapata mstatili. Kitako chake ni kile kile, hatua 70. Lakini kimo chake siyo hatua 70 tena. Kimo ni umbali wa wima kutoka chini hadi juu, siyo urefu wa upande uliolala. Eneo ni kitako mara kimo. Umbo likilala, kimo kinashuka, na eneo linashuka nacho.

Mbona kwenye nyuzi 30 ikawa nusu hasa? Chora pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, kila mmoja hatua 70. Kila kona yake ni nyuzi 60. Igawe katikati kutoka kona moja. Sasa una pembetatu mbili zenye kona ya nyuzi 30, na ule upande uliogawanywa umekuwa hatua 35 kila nusu. Hizo 35 ndizo kimo cha shamba letu lililolala. 70 mara 35 ni 2,450. Nusu ya 4,900.

KAMBA YA MSHAZARI

Shambani hatuna kifaa cha pembe. Lakini programu inatuonyesha njia nyingine. Unganisha A na C, kisha B na D. Hiyo ni mishazari, kutoka kona hadi kona. Ipime urefu, halafu uvute D tena.

Shamba likiwa mraba, mishazari yote miwili ni karibu hatua 99. Kwenye nyuzi 80, mmoja unarefuka kuwa 107, mwingine unafupika kuwa 90. Kwenye nyuzi 60 ni 121 na 70. Kwenye nyuzi 30 ni 135 na 36 tu. Mishazari haikubali kusingizia. Basi anayenunua shamba la hatua 70 kwa 70, baada ya kuzunguka pande nne, akate katikati mara mbili, kona kwa kona. Ikiwa ni 99 na 99, au karibu na hapo, shamba ni la mraba. Tofauti ikiwa kubwa, fedha zirudi mfukoni kwanza.

Jambo jingine ambalo programu haitakuambia ni hatua ni ya nani. Ekari ni kama meta za mraba 4,047, kwa hiyo hatua ya kupimia inatakiwa iwe karibu sentimita 91. Mtu mwenye hatua ya sentimita 60 akitembea 70 kwa 70, anapata meta 42 kwa 42, ambazo ni meta za mraba 1,764. Hata nusu ekari haifiki! Tumieni futi kamba, au kamba iliyopimwa. Tena mauzo yaende mbele ya halmashauri ya kijiji, ambayo ndiyo inasimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mchoro wa simu siyo hati.

SHAMBA LA PEMBETATU NA WARITHI WAWILI

Baba ameacha shamba lenye pembe tatu, kati ya barabara na mto. Warithi ni wawili, kaka na dada. Litagawanywaje nusu kwa nusu?

Chora pembetatu A, B, C kwa nukta huru. Tumia kifaa cha katikati upate nukta iliyo katikati ya B na C. Tuiite M. Unganisha A na M. Sasa kuna pembetatu mbili, ABM na AMC. Zipime eneo. Ni sawa. Vuta A mbali kabisa upande wa kulia, mpaka pembetatu moja inakuwa ndefu na nyembamba na nyingine imejaa. Macho yatasema mmoja amepunjwa. Namba zinasema wako sawa. Vuta B, vuta C, bado sawa.

Sababu ni ile ile ya kimo. BM na MC ni vitako vilivyo sawa, kwa sababu M iko katikati. Kimo cha pembetatu zote mbili ni kimoja: kutoka A wima mpaka kwenye mstari wa B na C. Kitako sawa, kimo sawa, eneo sawa. Kwa hiyo warithi wanahitaji kupima upande mmoja tu, kupata katikati yake, na kufunga kamba mpaka kona ya mbele. Kama upande mmoja una maji na mwingine ni mawe, hapo eneo sawa halitoshi, na mazungumzo yaendelee kwa wazee. Programu haijui udongo.

KWA WASIO NA SIMU

Kikundi kisicho na simu kinaweza kufanya kazi hii kwa mbao nne nyembamba zenye urefu sawa. Pigilieni msumari mmoja tu kila kona, usikaze sana. Simamisheni fremu hiyo, msukume kona ya juu kwa mkono. Italala kama shamba letu lilivyolala, na pande hazibadiliki. Pimeni kimo kila mnaposukuma, mzidishe na kitako, mwandike namba daftarini.

Halafu pigilieni ubao wa tano kutoka kona hadi kona, msukume tena. Fremu haisogei. Mishazari ikishafungwa, zimebaki pembetatu mbili, na pembetatu ya pande tatu zilizokazwa haina pa kulalia. Tazameni mlango wa mbao wa zizi au wa ghala. Ule ubao ulioinama katikati, fundi seremala ameuweka kwa sababu hiyo.